Ottavio Missoni

Ottavio Missoni (Ragusa, 11 Februari 1921 – Sumirago, 9 Mei 2013) alikuwa mwanariadha, askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na mtengenezaji wa nguo za kufuma kutoka nchi ya Italia. Jamaa na marafiki walimwita kwa jina la utani Tai. Mwaka 1953 yeye na mke wake, Rosita Jelmini, walianzisha karakana ndogo ya sweta katika mji wa Gallarate. Karakana hiyo ilikua hadi kuwa kampuni ya Missoni, inayojulikana duniani kwa nguo zenye mistari ya zigizaga na rangi nyingi.

Vita vilimchukulia miaka ambayo mwanariadha huwa na nguvu zaidi, na baada ya vita mji alimokulia haukuwa tena sehemu ya Italia. Alipoanza upya alikuwa na vitu viwili: mbio na uzi wa sufu.

Utoto

Missoni alizaliwa Ragusa, mji wa pwani ya Bahari ya Adria ambao leo huitwa Dubrovnik na uko nchini Kroatia. Wakati huo mji ulikuwa sehemu ya Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, ambao baadaye uliitwa Yugoslavia. Baba yake, Vittorio, alikuwa nahodha wa meli mwenye asili ya Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Mama yake, Teresa de Vidovich, alitoka katika familia ya Dalmatia, yaani pwani hiyohiyo ya Adria.

Ottavio alipokuwa bado mtoto mdogo familia ilihamia Zara (leo Zadar, nchini Kroatia). Kwa mkataba wa Rapallo wa mwaka 1920 Zara ilikuwa imewekwa chini ya Italia, ingawa ilizungukwa na nchi ya Yugoslavia upande wa bara. Ottavio alikulia hapo, na maisha yake yote aliutaja mji huo kuwa kwao.

Mwanariadha kijana

Akiwa mwanafunzi alionyesha kipaji cha kukimbia. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia katika timu ya taifa ya Italia. Mwaka huohuo alishangaza watazamaji mjini Milano kwa kumshinda Mmarekani Elroy Robinson katika mbio za mita 400. Mwaka 1939 alikuwa bingwa katika michezo ya kimataifa ya wanafunzi wa vyuo iliyofanyika Vienna.

Mbio zilizomfaa zaidi zilikuwa mita 400 kuruka viunzi. Katika mbio hizo mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanazikumbuka kwa sababu ya John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda medali ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82. Hazihitaji kasi peke yake. Mkimbiaji hana budi kuhesabu hatua zake kati ya kiunzi na kiunzi, kwani akikosea hesabu moja hupoteza mwendo wote.

Michezo ya Olimpiki iliyofuata ilipangwa kufanyika mwaka 1940, wakati Missoni angekuwa na umri wa miaka 19. Kwa sababu ya vita haikufanyika, wala ile ya mwaka 1944.

Vita na kifungo

Italia iliingia vitani mwezi Juni 1940 ikiwa upande wa Ujerumani. Missoni, kama vijana wengi wa rika lake, alichukuliwa jeshini na kupelekwa Afrika ya Kaskazini. Huko majeshi ya Italia na Ujerumani yalikuwa yakipigana na majeshi ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, kila upande ukitaka kushika njia ya kwenda Misri na Mfereji wa Suez.

Mwaka 1942 alishiriki katika mapigano ya El Alamein, kituo kidogo cha reli jangwani, upande wa magharibi wa mji wa Aleksandria. Pigano kuu lilianza usiku wa tarehe 23 Oktoba na kwisha mwanzoni mwa Novemba kwa ushindi wa Jenerali Bernard Montgomery wa Uingereza dhidi ya Erwin Rommel wa Ujerumani. Vikosi vingi vya Italia havikuwa na magari ya kutosha ya kurudi nyuma, hivyo maelfu ya askari wao walitekwa. Missoni alikuwa miongoni mwa waliotekwa mwaka huo.

Alikaa katika kambi ya mateka nchini Misri hadi mwaka 1946. Waitaliano wengi waliishi maisha ya namna hiyo chini ya Waingereza. Wengine waliotekwa Ethiopia na Somalia waliletwa Kenya, ambako walitumiwa kujenga barabara. Kanisa dogo la Mai Mahiu, kando ya barabara iteremkayo Bonde la Ufa, ni kazi ya mikono yao na bado linatumika.

Missoni aliingia kifungoni akiwa na umri wa miaka 21 na kutoka akiwa na miaka 25. Hiyo ndiyo miaka ambayo mkimbiaji wa mita 400 hutarajia kupata muda wake bora. Tena, alipotoka hakuwa na mahali pa kurudi. Zara ilikuwa imepigwa mabomu mara nyingi na ndege za Washirika katika miaka ya 1943 na 1944, kisha ikatwaliwa na Yugoslavia. Wakazi wake wengi wa Kiitaliano walihama. Katika uzee wake Missoni alichaguliwa na watu hao waliotawanyika kuwa “meya” wa Zara ya uhamishoni, cheo cha heshima kisicho na mji.

Traksuti za Venjulia

Baada ya kuachiliwa Missoni alikwenda Trieste, mji wa bandari uliokuwa wakati huo chini ya utawala wa majeshi ya Washirika. Huko alishirikiana na rafiki yake Giorgio Oberweger, mrusha kisahani aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Walianzisha karakana iliyotengeneza traksuti za sufu kwa jina la Venjulia, lililotokana na jina la eneo hilo, Venezia Giulia.

Wazo lao lilitoka uwanjani. Mkimbiaji anayesubiri zamu yake huhitaji joto ili misuli isikaze, lakini akiitwa hana budi kuvua haraka bila kuvua viatu vyake vya misumari. Kwa hiyo suruali zao ziliwekewa zipu miguuni. Nguo hizo zilipendwa, na zilichaguliwa kuwa sare ya timu ya Italia katika Olimpiki ya London mwaka 1948.

Olimpiki ya London, 1948

Missoni alikwenda London akiwa mshindani, huku timu yake ikivaa nguo za karakana yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alifika fainali ya mita 400 kuruka viunzi na kumaliza wa sita. Mshindi alikuwa Roy Cochran wa Marekani, akifuatwa na Duncan White wa Ceylon (leo Sri Lanka) na Rune Larsson wa Uswidi.

Kwa mtu aliyetoka kifungoni miaka miwili tu kabla yake, kufika fainali hakukuwa jambo dogo. Hata hivyo safari hiyo ilimletea kitu kingine kilichodumu zaidi. Mjini London alikutana na Rosita Jelmini, msichana wa Kiitaliano wa miaka 16 aliyekuwa huko kujifunza Kiingereza. Rosita alizaliwa tarehe 20 Novemba 1931 katika mji mdogo wa Golasecca, mkoa wa Varese, kaskazini mwa Italia. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha shali na vitambaa vya kutarizi. Alikuwa amekua katikati ya mashine, nyuzi na vipande vya vitambaa.

Ndoa na karakana ya Gallarate

Wawili hao walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1953. Mwaka huohuo walianza kazi Gallarate, karibu na kwao Rosita, wakiwa na mashine chache za kufuma katika chumba cha chini ya nyumba yao. Bwana alileta ujuzi wa nguo za michezo, na bibi alileta ujuzi wa kitambaa na biashara ya familia. Watoto wao watatu walizaliwa katika miaka hiyo ya mwanzo: Vittorio mwaka 1954, Luca mwaka 1956 na Angela mwaka 1958.

Mwanzoni walifuma kwa ajili ya maduka na wabunifu wengine, na jina lao halikuonekana kwenye nguo. Mwaka 1958 duka kubwa la La Rinascente la Milano liliagiza magauni yao ya mistari na kuyaweka kwenye madirisha yake. Agizo hilo liliwatoa katika hali ya karakana ya nyumbani.

Mistari ile haikuwa chaguo la urembo peke yake. Mashine zao za mwanzo hazikuweza kufanya michoro migumu. Zilichoweza ni kubadili rangi ya uzi kila baada ya safu kadhaa, na matokeo yake ni mistari ya kulala. Missoni alikubali mpaka huo na kuweka akili yake yote katika rangi: ipi ikae karibu na ipi, na kila mstari uwe mpana kiasi gani. Alichora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa badala ya kitanzi cha uzi.

Namna nguo ya kufuma inavyotengenezwa

Katika Kiswahili neno “kufuma” hutumika kwa kazi mbili zisizo sawa. Ya kwanza ni ile ya kitanda cha mfumaji, ambapo nyuzi za mtande hunyooshwa kwa urefu na uzi wa mshindio hupitishwa kati yake, juu na chini. Kitambaa cha shuka au kanga hutengenezwa hivyo. Hakivutiki sana, nacho hukatwa na kushonwa.

Ya pili ni ile ya sweta na fulana. Hapa uzi hukunjwa kuwa vitanzi, na kila kitanzi hupita ndani ya kitanzi kilichotangulia. Kwa kuwa kitanzi kinaweza kupanuka na kurudi, nguo huvutika na kufuata mwili. Ndiyo sababu nguo za michezo hupenda ufumaji huu. Familia ya Missoni ilifanya kazi ya aina hii ya pili.

Ufumaji wa vitanzi nao una njia mbili. Katika njia ya kawaida, kama mama anavyofuma kwa sindano mbili, uzi mmoja husafiri kwa upana wa nguo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha hurudi. Ukibadili rangi unapata mstari wa kulala. Katika njia nyingine nyuzi nyingi hushuka kwa pamoja kwa urefu wa kitambaa, kila uzi ukiwa na sindano yake. Uzi ukihamishwa kwenye sindano ya jirani, kushoto au kulia, vitanzi hushikana na kitambaa hukamilika.

Mashine ya Raschel na zigizaga

Mashine ya njia hiyo ya pili huitwa Raschel. Kiwanda cha familia ya Rosita kilikuwa kikiitumia kwa kufuma shali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ottavio na Rosita walianza kuitumia kwa nguo za kuvaliwa, jambo ambalo wabunifu wa mitindo hawakuwa na mazoea nalo.

Faida yake ni rahisi kuelewa. Uzi mwekundu ukihamishwa sindano moja kulia katika kila safu, mstari wake hushuka kwa mshazari. Baada ya safu kadhaa ukianza kuurudisha kushoto, mstari hugeuka na kona huonekana. Nyuzi za rangi kumi au ishirini zikifanya hivyo kwa pamoja, kitambaa chote hujaa mawimbi na zigizaga. Mashine iliyozoeleka kwa shali za akina bibi ikawa chanzo cha alama ya kampuni.

Pamoja na hayo walitumia nyuzi zilizotiwa rangi kwa vipande, yaani uzi mmoja wenye rangi kadhaa kwa urefu wake. Uzi wa namna hiyo ukifumwa, rangi huingiliana bila mpaka mkali.

Florence, 1967

Katikati ya miaka ya 1960 Rosita alifahamiana na mbunifu wa Ufaransa Emmanuelle Khanh, wakatengeneza pamoja mkusanyo wa nguo. Mwandishi wa mitindo Anna Piaggi naye aliwaunga mkono mapema.

Mwaka 1967 walialikwa kuonyesha nguo zao katika jumba la Palazzo Pitti, Florence, ambalo wakati huo lilikuwa jukwaa kuu la mitindo ya Italia. Kabla tu ya onyesho Rosita aliona kwamba sidiria za wanamitindo zinaonekana chini ya nguo nyembamba na kuharibu rangi zake, akawaambia wazivue. Hakufikiria taa za jukwaani. Chini ya mwanga mkali nguo zilionyesha mwili. Ukazuka mzozo mkubwa magazetini, na msimu uliofuata familia ya Missoni haikualikwa tena.

Hawakusimama hapo. Mwishoni mwa mwaka huo walifanya onyesho lao wenyewe Milano, kando ya bwawa la kuogelea, wakitumia samani za kujazwa hewa zilizobuniwa na Quasar Khanh, mume wa Emmanuelle. Miaka iliyofuata wabunifu wengine pia walihamia Milano, na mji huo ukachukua nafasi ya Florence kama makao makuu ya mitindo ya Italia.

Sumirago

Mwaka 1969 kampuni ilihamia kiwanda kipya huko Sumirago, kijiji cha mkoa wa Varese ambako mlima Monte Rosa huonekana siku za anga safi. Ottavio na Rosita walijenga nyumba yao karibu na kiwanda. Wenye viwanda wengi wakipata fedha huhamia mjini, lakini hawa walipeleka kazi mahali walipotaka kuishi.

Mwaka 1973 walitunukiwa tuzo ya Neiman Marcus mjini Dallas, Marekani, mojawapo ya tuzo zilizoheshimiwa sana katika biashara ya mavazi. Mwaka 1976 walifungua duka lao wenyewe Milano. Kuanzia miaka hiyo Ottavio alianza pia kutengeneza mazulia ya ukutani kwa kuunganisha vipande vya vitambaa vya kufuma, nayo yalionyeshwa katika majumba ya sanaa.

Mwaka 1983 walibuni mavazi ya opera Lucia di Lammermoor ya Gaetano Donizetti katika ukumbi wa La Scala, Milano, ambamo Luciano Pavarotti aliimba. Mwaka 1993 Ottavio alipewa na serikali ya Italia heshima ya Cavaliere del Lavoro, inayotolewa kwa watu waliotoa mchango mkubwa katika uchumi.

Bara la Afrika lilikutana tena na jina lake tarehe 8 Juni 1990, katika ufunguzi wa Kombe la Dunia uwanjani San Siro, Milano. Wabunifu wa Italia waligawiwa mabara ili kuyawakilisha kwa mavazi, na Missoni alipewa Afrika. Baada ya sherehe hiyo ilichezwa mechi ya kwanza, ambayo Kamerun iliwafunga mabingwa watetezi Argentina 1–0.

Kizazi cha pili

Mwaka 1997 wazazi waliwaachia watoto uongozi. Angela alishika ubunifu wa nguo, Vittorio masoko ya nchi za nje, na Luca upande wa ufundi na kumbukumbu. Rosita aliendelea na vitambaa vya nyumbani. Jina la kampuni lilitumika pia katika hoteli, kwanza Edinburgh mwaka 2009, kisha Kuwait mwaka 2011.

Ottavio alirudi uwanjani. Katika mashindano ya wazee alishiriki kutupa tufe na mikuki akiwa na umri ambao wengi huwa wanatembea kwa fimbo. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Una vita sul filo di lana. Jina hilo lina maana mbili: “maisha juu ya uzi wa sufu”, lakini pia kwa Kiitaliano “uzi wa sufu” ni utepe wa mwisho wa mbio, ambao mshindi huukata kwa kifua. Kwa hiyo neno moja lilitaja kazi zake zote mbili.

Mwaka 2013

Tarehe 4 Januari 2013 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka visiwa vya Los Roques, Venezuela, ilipotea ikiwa na mwanawe mkubwa Vittorio, mke wa Vittorio aitwaye Maurizia Castiglioni, na abiria wengine. Msako ulichukua miezi mingi. Ottavio alifariki nyumbani kwake Sumirago tarehe 9 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 92, bila kujua mwanawe aliko. Mabaki ya ndege yalipatikana chini ya bahari mwezi Juni, wiki chache baada ya kifo chake.

Urithi

Mwaka 2018 mfuko wa uwekezaji wa Italia uitwao FSI ulinunua asilimia 41.2 ya hisa, na familia ikabaki na sehemu kubwa zaidi. Angela aliacha nafasi ya mkuu wa ubunifu mwaka 2021. Rosita alifariki mwezi Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 93.

Katika historia ya mavazi Missoni anakumbukwa kwa kuipa nguo ya kufuma hadhi mpya. Kabla ya kizazi chake sweta ilihesabiwa kuwa vazi la baridi, la michezo au la nyumbani. Yeye na Rosita walionyesha kwamba kitambaa cha vitanzi kinaweza kuwa gauni, koti, zulia au picha ya ukutani, na kwamba mashine ya kawaida ya kiwanda cha shali inaweza kutoa kitu kipya ikiwa mtu ataielewa vizuri.

Wanafunzi wa historia wanaweza kumtazama pia kwa upande mwingine. Watu wa rika lake waliokwenda El Alamein hawakuchagua vita hivyo, na wengi hawakurudi. Missoni alirudi bila mji na bila miaka yake bora ya mbio, akaanza na traksuti, nguo ambayo mkimbiaji huvaa wakati anaposubiri kuitwa.